Binadamu wa Kale katika Jangwa la Arabia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unahusu watu wa kwanza kuishi katika majangwa ya Rasi ya Arabia, hasa Nefud kaskazini mwa Saudia, na namna ushahidi wao unavyotafutwa, unavyochimbwa na unavyopimwa umri. Anayetaka kazi ya mikono tu na aruke hadi swali la pa kutafuta.

Watu waliwezaje kuishi mahali pasipo na maji?

Hawakuishi pasipo na maji. Wengi hukosea hapo mwanzoni kabisa: wanachukua jangwa la leo na kumpachika humo mtu wa miaka 100,000 iliyopita. Huko Nefud, zana zinazokutwa ndani ya tabaka, na si juu ya ardhi tu, kwa kawaida ziko kwenye tabaka la ziwa au kinamasi cha kale. Mvua ziliporudi, mabonde yaliyo kati ya matuta ya mchanga yalijaa maji, nyasi zikaota, wanyama wakaja, na watu nao wakaja. Mvua zilipokatika, watu walihama au walikufa. Kwa hiyo Arabia haikukaliwa mfululizo. Watu walikuja na kutoweka mara nyingi, na kati ya ujio mmoja na mwingine makumi ya maelfu ya miaka yanaweza kupita bila alama ya mtu.

Kulimudu jangwa likiwa kavu ni jambo la juzi tu kwa hesabu hizi. Linahitaji visima, viriba vya kubebea maji na, baadaye sana, ngamia wa kufugwa.

Arabia ilikuwa ya kijani lini, na kwa nini?

Mara nyingi. Mhimili wa dunia huyumba polepole, na kila baada ya miaka 21,000 hadi 23,000 hivi jua la kiangazi upande wa kaskazini huwa kali kuliko kawaida. Bara likipata joto zaidi, huvuta pepo zenye unyevu kutoka baharini, na ukanda wa mvua husogea kaskazini. Kusi ambayo mabaharia wa pwani yetu waliitegemea kwenda Uarabuni ni sehemu ya mfumo huohuo wa pepo. Leo unyevu wake unaishia kwenye milima ya Dhofar, kusini mwa Oman. Aliyefika Salalah, mji wa huko, kati ya Juni na Septemba anaijua kharif, majira ya mvua: ukungu, manyunyu, vilima vya kijani, na ukivuka tu mgongo wa milima, jangwa tupu. Katika vipindi vya mvua mpaka huo ulisogea mamia ya kilomita.

Katika bonde moja la Nefud liitwalo Khall Amayshan, mashapo ya maziwa yanaonyesha vipindi vya maji vilivyoambatana na watu karibu miaka 400,000, 300,000 na 200,000 iliyopita, kisha kati ya 130,000 na 75,000, na tena karibu 55,000. Kipindi cha mwisho cha mvua Arabia kilikuwa takriban miaka 10,000 hadi 6,000 iliyopita. Neno “kijani” lisikupe picha ya msitu, maana ilikuwa mbuga ya nyasi yenye maziwa, mengi yake madogo, na baadhi yakikauka kila msimu.

Ushahidi wenyewe ni upi?

Tuanze na nyayo, maana ndizo zinazoulizwa zaidi. Mwaka 2017, katika ziwa la kale liitwalo Alathar huko Nefud, mashapo ya juu yalikuwa yamemomonyoka na kuacha wazi sakafu ya tope lililogeuka gumu. Juu yake kulikuwa na alama 376 za miguu ya wanyama na watu: tembo, ngamia, jamii ya farasi na wengineo. Alama saba zilitambuliwa kwa uhakika kuwa za binadamu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020, na umri wake ni kati ya miaka 121,000 na 112,000 iliyopita. Daiatomu, wale mwani wadogo wenye maganda ya silika, zinaonyesha kwamba maji yalikuwa matamu. Tope hupokea unyayo kwa muda mfupi tu. Likiwa majimaji alama hujifunika, na likishakauka mguu hauachi kitu. Kwa hiyo waliopita pale walipita ndani ya saa au siku chache za kila mmoja, na jambo hilo mawe hayawezi kukueleza kamwe. Kinachokosekana nacho kina uzito: hapakuwa na zana pale, wala mifupa yenye alama za kukatwa. Inaelekea watu walisimama kunywa na wakaendelea na safari.

Katika eneo la Al Wusta, pia Nefud, kulipatikana mwaka 2016 mfupa mmoja wa kidole cha mkono, wenye urefu wa sentimita 3.2. Umbo lake ni la binadamu wa aina yetu, Homo sapiens. Ulipimwa moja kwa moja kwa mbinu ya urani, ukatoa umri wa miaka 87,600 hivi. Pamoja nao kulikuwa na zana za mawe na mabaki ya kiboko. Kiboko ni shahidi mzuri kuliko wengi, kwa sababu hawezi kuishi kwa umande. Anahitaji maji ya kudumu.

Khall Amayshan ndiko kwenye historia ndefu kuliko zote. Tabaka la karibu miaka 400,000 lina mashoka ya mkono, yale mawe makubwa yaliyochongwa pande zote mbili. Matabaka ya juu yana zana za Zama za Mawe za Kati. Hatuwezi kusema zote ni kazi ya aina moja ya binadamu, kwani kwa umri wa 400,000 hakuna mifupa ya Homo sapiens popote duniani.

Nje ya Nefud, Jebel Faya katika emirati ya Sharjah ina zana za karibu miaka 125,000, zilizotangazwa mwaka 2011. Mandhari ya Faya iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2025. Mwaka huohuo wa 2011 zilitangazwa zana za Dhofar, Oman, za karibu miaka 106,000, zilizochongwa kwa mtindo uitwao wa Kinubi kwa kuwa ulitambuliwa kwanza katika bonde la Nile.

Mbona mifupa ya watu ni michache hivyo?

Kwa sababu jangwa la joto halihifadhi mifupa kama watu wanavyodhani. Ukavu huhifadhi, ndiyo, lakini mfupa wa miaka 90,000 umepitia kulowa na kukauka mara nyingi, umepigwa na mchanga unaopeperushwa, na joto limeivunja kolajeni yake, ile protini inayoushikilia mfupa. Inayosalia ni ile iliyowahi kufunikwa na mashapo ya ziwa na kugeuka madini. DNA kutoka mifupa ya umri huo katika joto hilo usiitegemee.

Njia ya kuukwepa upepo ni kuingia chini ya ardhi. Umm Jirsan, katika uwanja wa lava wa Harrat Khaybar, ni bomba la lava, yaani pango refu lililoachwa na lava iliyotiririka, la karibu kilomita moja na nusu, na ndani yake mifupa ya wanyama imehifadhika vizuri. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba watu walilitumia mara kwa mara kwa maelfu ya miaka, wakiwemo wafugaji walioacha karibu na hapo michoro ya ng’ombe, kondoo na mbuzi. Haya ni mambo ya miaka 10,000 ya mwisho. Mapango na mabomba mengi bado hayajaguswa, na kwa maoni yetu ndiko juhudi zinakopaswa kuelekezwa sasa.

Mnajuaje pa kutafuta katika jangwa kubwa hivyo?

Nefud pekee inazidi kilomita za mraba 50,000. Hakuna anayeizunguka kwa bahati nasibu. Kazi huanzia kwenye picha za satelaiti na ramani za mwinuko. Mashapo ya maziwa ya kale ni meupe au ya kijivu katikati ya mchanga mwekundu, hivyo yanaonekana kutoka angani. Ramani za mwinuko nazo huonyesha mikondo ya mito iliyofunikwa na mabonde ambako maji yangetuama. Kwa njia hii maziwa na mito ya kale karibu 10,000 imeorodheshwa Arabia nzima, na iliyotembelewa ni sehemu ndogo tu.

Kisha yapangwe kwa ubora. Ziwa lililo karibu na jabali lenye mawe mazuri ya kuchonga ni bora kuliko ziwa la peke yake, kwa sababu mtu hakubeba mawe mazito mbali bila sababu. Jubbah ni mfano mzuri: oasisi ya kale iliyo chini ya milima ya mawemchanga, mlima ukizuia mchanga usiliteke bonde, na zana za vipindi vingi zimelizunguka. Michoro yake ya miambani, pamoja na ile ya Shuwaymis, iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2015.

Mkifika, tembeeni kwa mstari, mita 3 hadi 5 kati ya mtu na mtu, asubuhi au alasiri jua likiwa chini. Saa sita mchana hakuna kivuli, na jiwe lililochongwa hufanana na mengine yote. Kila zana iwekewe kibendera kwanza bila kuokotwa. Mkimaliza eneo, angalieni vibendera vimekusanyika wapi, ndipo mchukue nukta za GPS na picha zenye kipimo. Anayeokota anapotembea huiharibu ramani kabla haijachorwa.

Nitatofautishaje jiwe lililochongwa na lililopasuliwa na jua?

Hili ni gumu jangwani kuliko mahali pengine, kwa sababu joto la mchana na baridi ya usiku, pamoja na chumvi, hupasua mawe kila mwaka. Angalia upande wa ndani wa kibanzi, yaani kipande kilichobanduliwa kwenye jiwe. Kikitolewa kwa pigo la mtu kitakuwa na sehemu ndogo bapa pale kilipogongwa, chini yake uvimbe wa mviringo, na kutoka hapo mawimbi hafifu yanayotawanyika. Upande wa nje utaonyesha makovu ya vibanzi vilivyotolewa kabla yake, na makovu hayo yawe yameelekezwa kwa mpangilio. Jiwe lililopasuliwa na joto halina uvimbe. Mara nyingi lina mashimo ya duara kama vifuniko vidogo vilivyoruka, na nyuso zake hazina mwelekeo mmoja.

Kibanzi kimoja si ushahidi. Mawe yakiporomoka mtoni hugongana, na baadhi hutoka na uvimbe safi kabisa. Tafuta kundi: viini (mawe yaliyobanduliwa vibanzi), vibanzi vyake, na vipande vidogo vya taka vilivyo chini ya sentimita 2. Taka hizo ndizo zinazosema kwamba mtu alikaa hapo na kuchonga, wala hazikuletwa na maji.

Dalili kubwa ya Zama za Mawe za Kati ni mbinu ya Levallois. Mchongaji hukiandaa kiini kwanza pande zote, akakipa mgongo wenye umbo la kobe, ndipo akatoa kwa pigo moja kibanzi kikubwa chenye umbo alilolikusudia. Kiini kilichobaki kinatambulika kirahisi: juu kuna kovu moja kubwa, na pembeni makovu madogo yanayoelekea katikati. Rangi nyeusi inayong’aa juu ya jiwe isitumike kukisia umri. Inategemea jiwe lilikaa juani kwa muda gani, na upande upi.

Kama zana zimetapakaa juu, kwa nini mchimbe?

Kwa sababu upepo hubeba mchanga na kuacha mawe. Zana za miaka 200,000, za miaka 80,000 na za mfugaji wa miaka 6,000 iliyopita, zilizokuwa kwenye matabaka matatu tofauti, huishia kulala pamoja kwenye sakafu moja ya changarawe. Ukiziokota zote na kuziita kambi moja, umebuni jamii ambayo haikuwepo. Mikusanyo mingi ya zamani iliyo makumbushoni ina kasoro hii. Zana za juu hutuambia kwamba watu walikuwepo. Tabaka pekee ndilo linalosema lini, na walikuwa na nani.

Uchimbaji unakwendaje?

Kwa miraba ya mita 1 kwa 1, ikigawanywa robo robo, na kushuka sentimita 5 kwa wakati mmoja au kufuata tabaka linapobadilika. Kila zana inayozidi sentimita 2 hupimwa mahali ilipo kwa kipimo cha leza kabla ya kuondolewa, na mwelekeo wake huandikwa. Zana zikielekea upande mmoja, huenda zilisukumwa na maji. Udongo wote hupita kwenye chekeche la milimita 5, kisha la milimita 2.

Mchanga mkavu ndio adui. Hausimami kwa mwinuko unaozidi nyuzi 34 hivi, kwa hiyo ukuta wa wima wa mita 2 utaporomoka, tena bila onyo. Chimba kwa ngazi pana, udongo uliotolewa ukae mbali na ukingo, na mtu asiingie peke yake. Wengine hunyunyizia ukuta maji ili rangi za matabaka zionekane kwenye picha. Sawa, lakini baada ya kuchukua sampuli za umri na za unyevu, kwa sababu itakayoonekana hapa chini. Vichuguu vya mchwa na mashimo ya mizizi vichorwe kwenye ramani ya ukuta, kwani zana hushuka kupitia humo.

Umri unapimwaje?

Kwa mchanga wenyewe. Chembe za kwarzi na felspari, madini yaliyomo mchangani, hupokea mionzi hafifu kutoka urani, thoriamu na potasiamu iliyo kwenye udongo unaozizunguka, na nishati hiyo hunaswa ndani ya fuwele. Jua likizipiga chembe, hata kwa sekunde chache, nishati hutoka na hesabu hurudi sifuri. Zikifunikwa, zinaanza upya, kama mtungi unaojazwa tone kwa tone gizani. Maabara huimulika kwarzi kwa mwanga wa buluu, hupima mwanga inaoutoa, na kukokotoa dozi iliyokusanyika. Dozi hiyo ikigawanywa kwa kiwango cha mionzi cha mwaka, unapata muda uliopita tangu chembe zifunikwe. Dozi ya grei 120 (grei ni kipimo cha mionzi iliyopokewa) kwenye mchanga unaopokea grei 1 kwa kila miaka 1,000 ni miaka 120,000. Mbinu hii huitwa luminesensi.

Sampuli huchukuliwa hivi:

1. Safisha ukuta wa shimo kwa kukwangua sentimita 10 au zaidi ya mchanga ulioguswa na jua.
2. Chagua mahali palipo angalau sentimita 30 chini ya uso wa ardhi na, ikiwezekana, sentimita 30 kutoka mpaka wa tabaka jingine, maana mionzi ya gama husafiri umbali huo kwenye udongo.
3. Pigilia kwa nyundo bomba la chuma au plastiki lisilopitisha mwanga, kipenyo sentimita 5, urefu sentimita 20 hadi 30, likiwa limelala. Ziba mdomo wa nje kwa plastiki nyeusi kabla ya kupiga, ili mchanga usitikisike ndani.
4. Litoe, ziba upande wa pili mara moja, funga kwa mkanda, liandike namba na mshale wa mwelekeo.
5. Panua shimo hilohilo na uingize kipima gama kwa nusu saa au zaidi.
6. Weka gramu mia chache za udongo uleule kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwa ajili ya kupima unyevu.

Maabara hufungua bomba kwenye mwanga hafifu mwekundu, hutupa sentimita 2 au 3 za kila mwisho, huondoa chokaa kwa asidi ya hidrokloriki na mabaki ya mimea kwa peroksidi, hutenga kwarzi kwa kimiminika kizito, na mwishowe huikwangua kwa asidi ya hidrofloriki. Hiyo ya mwisho ni hatari sana mwilini. Si kazi ya maabara ya shule.

Kinachoharibika mara nyingi ni unyevu. Maji huzuia sehemu ya mionzi isifike kwenye chembe, na kila asilimia moja ya maji hubadilisha umri kwa takriban asilimia moja. Tabaka la ziwa lililo kavu leo lilikuwa limelowa kwa karne nyingi, hivyo kipimo cha leo pekee hakitoshi. Ni lazima kukadiria wastani wa muda wote wa kufukiwa. Tatizo la pili ni chembe ambazo hazikupigwa na jua vizuri kabla ya kufunikwa. Zinaleta umri mkubwa kupita kiasi. Mchanga wa matuta hauna shida hiyo, kwa kuwa umepeperushwa juani mno. Kwa tope la mto ni bora kupima chembe moja moja. La tatu ni kujaa: kwarzi hufika mahali isipokee tena, mara nyingi kati ya miaka 100,000 na 200,000 kutegemea mionzi ya mahali hapo. Kwa tabaka la miaka 400,000 hutumika felspari, inayobeba dozi kubwa zaidi.

Hata kazi ikifanywa vizuri, kosa la asilimia 5 hadi 10 linabaki. Ukiona umri wa miaka 120,000 umeandikwa bila kosa lake, uulizie.

Kwa nini msitumie kaboni 14 tu?

Nusu ya kaboni 14 hupotea kila miaka 5,730, na baada ya miaka 50,000 hivi hakuna cha kupima. Kwa wafugaji na wachoraji wa miaka 10,000 ya mwisho inafaa sana, hasa mkaa wa jikoni au ganda la yai la mbuni. Tahadhari na makombe ya konokono wa ziwani: hujenga ganda kwa chokaa ya zamani iliyoyeyuka majini, na umri wake huweza kuzidi ukweli kwa mamia au hata maelfu ya miaka.

Je, watu hawa walitoka Afrika Mashariki? Walipita wapi?

Kutoka Afrika, ndiyo. Kusema Afrika Mashariki peke yake ni kubana mambo: mabaki ya zamani zaidi ya aina yetu yako Jebel Irhoud, Moroko, karibu miaka 300,000, na yale ya Omo Kibish, Ethiopia, yanazidi miaka 200,000. Njia zinazojadiliwa ni mbili. Ya kaskazini hupita Sinai. Ya kusini huvuka Bab el Mandeb, mlango wa bahari ambao leo una upana wa karibu kilomita 30.

Ugumu wa njia ya kusini ni huu. Bahari hushuka wakati wa baridi kuu ya dunia, na hapo mlango hupungua, ingawa haukukauka. Lakini wakati huohuo Arabia huwa kavu kabisa. Arabia ikiwa kijani, bahari imepanda. Waliochimba Jebel Faya walipendekeza kwamba watu walivuka karibu miaka 130,000 iliyopita, baridi ikiisha, maji yangali chini na mvua ziko njiani kuja. Inawezekana, ila ni hoja ya majira tu. Hakuna aliyekuta kituo cha kuvukia. Alathar na Al Wusta ziko kaskazini na zinaafikiana vizuri na njia ya Sinai.

Pia isidhaniwe kwamba waliopita Alathar ndio mababu wa Waarabu wa leo. Vinasaba vinaonyesha kwamba watu walio nje ya Afrika leo wanatokana hasa na msafara wa baadaye, karibu miaka 60,000 hadi 50,000 iliyopita.

Turkana nayo ni kame. Kwa nini huko mifupa ni mingi?

Kwa sababu ya jiolojia. Bonde la Turkana linazama na kujaa mashapo kwa kasi, kwa hiyo mizoga ilifunikwa mapema. Leo mmomonyoko unayafungua mashapo hayohayo kila mvua inaponyesha. Aidha, majivu ya volkano yaliyo kati ya matabaka hupimwa umri kwa argoni, bila shida za luminesensi tulizozieleza. Nefud haina majivu ya aina hiyo. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho la pekee, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji katikati ya changarawe karibu na Nariokotome. Uchimbaji ukatoa kiunzi kinachokaribia kukamilika cha kijana wa Homo erectus, aina ya binadamu wa kale, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mbinu yake ilikuwa ileile: kutembea polepole, jua likiwa chini, ukijua ni tabaka lipi unalolikanyaga.

Yale majengo ya mawe yanayoonekana kutoka angani ni ya watu haohao?

Hapana. Mustatil, yale maumbo marefu ya mstatili kaskazini-magharibi mwa Saudia, ni ya wafugaji wa karibu miaka 7,000 iliyopita. Yako zaidi ya 1,000, na marefu zaidi hupita mita 500. Mafuvu na pembe za ng’ombe zilizokutwa ndani zinaonyesha ibada. Michoro ya ngamia wa ukubwa halisi ya Jebel Arnaan na Jebel Misma, iliyotangazwa mwaka 2025, ni ya zamani kuliko hayo: kati ya miaka 12,800 na 11,400 iliyopita, kipindi ambacho maji yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kurudi kwa msimu.

Kikundi cha watu sita kinahitaji nini kwa siku kumi?

Maji ya kunywa lita 6 hadi 8 kwa mtu kwa siku, yaani lita 360 hadi 480, na theluthi moja ya ziada isiyoguswa. Magari mawili, kamwe si moja. Upepo wa tairi ushushwe hadi psi 15 au 18 mkiingia mchangani, na pampu ya kuzijaza tena iwepo. Simu ya satelaiti, GPS mbili zenye nukta zilezile, na mtu aliyebaki mjini anayejua mnapiga simu saa ngapi na afanye nini msipopiga. Droni hushika mchanga kwenye mota. Irukeni kutoka juu ya turubai. Msimu ni Novemba hadi Machi.

Nimeona zana ya jiwe jangwani. Niichukue?

Iache. Piga picha mbili, moja ya karibu yenye sarafu au kalamu pembeni, na nyingine ya mbali inayoonyesha mandhari. Hifadhi nukta ya GPS. Usichimbe kutafuta nyingine, wala usiweke nukta hiyo kwenye mitandao ya kijamii. Ukiwa Saudia peleka taarifa kwa Tume ya Urithi, Oman kwa Wizara ya Urithi na Utalii, Kenya kwa Makumbusho ya Taifa, Tanzania kwa Idara ya Mambo ya Kale au afisa utamaduni wa wilaya. Katika nchi hizi mali kale zinalindwa na sheria, na kubeba jiwe kuvuka mpaka bila kibali ni kosa hata kama uliliokota barabarani. Kama umeshalichukua, usilirudishe kwa kukisia mahali. Liweke kwenye mfuko, andika unachokumbuka kuhusu ulikolitoa, na ulipeleke pamoja na maelezo hayo.